Jinsi ya kuanzisha benki ya chakula Nyanda za Juu Kusini: kuvusha mavuno ya Julai hadi palizi ya Januari

Julai, magunia ya mahindi hupangwa kando ya barabara kuu kuanzia Makambako hadi Uyole yakisubiri malori. Ikifika Januari, baadhi ya kaya zilizouza magunia hayo zinanunua unga kilo mojamoja, kwa bei ya juu kuliko ile waliyouzia. Katikati hapo kulikuwa na ada, msiba, deni la mbolea, na kwa wengine ule mkopo wa riba kali unaoitwa kausha damu, ambao mwenyewe hangojei bei ipande.

Utafiti wa Kitaifa wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa kama asilimia 50. Mikoa inayoilisha nchi ndiyo inayoongoza kwa watoto waliodumaa. Udumavu una mizizi mingi: ugali usio na mboga ya maana, mama anayerudi shambani mtoto akiwa mchanga, maji machafu, kuharisha. Benki ya chakula haiiondoi yote. Kazi inayoiweza vizuri ni moja, kukitoa chakula kwenye mwezi kilipo kingi na kukifikisha kwenye mwezi ambao chungu hakipandi jikoni. Mwongozo huu ni wa kikundi cha mtaa, kanisa, msikiti, chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) au shule inayotaka kuianza kazi hiyo, iwe Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe.

Kwanza elewa njaa unayopambana nayo

Benki ya chakula ya kwanza inayojulikana ilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967. John van Hengel, aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha wasiojiweza, aliona maduka makubwa yakitupa chakula kizuri, akaanzisha St. Mary's Food Bank. Mfumo wake ni rahisi: ghala moja kubwa linapokea ziada kutoka madukani, viwandani na mashambani, linaichambua, linaigawa kwa makanisa, shule na majiko ya mitaa, na hao ndio wanaomfikia mwenye njaa. Ghala lenyewe mara nyingi halimjui mlaji kwa jina.

Chukua mgawanyo huo wa kazi, yaani ghala moja na vituo vingi. Usichukue vyanzo vyake. Mbeya hatuna msururu wa maduka makubwa yenye shehena za makopo yanayokaribia kuisha muda. Tulicho nacho ni mavuno yanayoingia yote kwa mkupuo kati ya Mei na Agosti, kwa kuwa huku mvua ni msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili au Mei. Tuna pia masoko ya mazao mabichi ambayo kila jioni huacha chakula chini.

Ukitaka kujua njaa inakaa wapi, mtazame mama mmoja mwezi wa Januari. Akiba imeisha. Mahindi yake yamefika magotini na magugu yanayafukuzia. Hana cha kupika, kwa hiyo anakwenda kulima kibarua kwenye shamba la mwingine apate hela ya unga. Wiki mbili baadaye shamba lake limemezwa, na Julai atavuna gunia tatu badala ya nane. Mwaka unaofuata akiba inaisha mapema zaidi. Chakula kinachomfikia kabla ya palizi kinamwacha alime kwake. Kilekile kikifika Aprili, mahindi mabichi yakiwa yamekaribia, faida yake ni ndogo sana. Kwa hiyo tarehe ya kugawa ipangwe kabla ya kitu kingine chochote, na mambo yote yahesabiwe kurudi nyuma kutoka hapo.

Kamati, baraka na karatasi

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na mtendaji wa kata kabla hujakusanya hata debe moja. Kisha muone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, ndiye anayeelekeza usajili wa kikundi. Mkitaka kufanya kazi mikoa kadhaa, hapo mnazungumzia usajili wa shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Muone afisa lishe, na afisa afya alikague jengo. Mkipanga kusaga na kufunga unga wenye nembo yenu, ulizeni Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Ushauri wangu ni msifike huko mwaka wa kwanza. Nafaka nzima inawatosha.

Kamati iwe ndogo, watu watano hadi saba, nusu yao wanawake wanaopika kila siku. Mwanamke anayepika atawaambia kwa kushika tu kwamba maharage haya ni ya mwaka juzi. Mweka hazina asiwe mtunza ghala. Mlango uwe na kufuli mbili, kila funguo kwa mtu wake.

Piga hesabu ya kilo

Anza na kaya 100, kilo 20 za mahindi kwa kaya, kwa miezi minne kuanzia Desemba hadi Machi. Hiyo ni kilo 8,000, yaani magunia 80 ya kilo 100. Kaya ya watu watano ikila gramu 400 za nafaka kwa kila mtu, inamaliza kilo 2 kwa siku, hivyo kilo 20 ni siku kumi za ugali. Mwambieni ukweli huo kila anayepokea na kila anayechangia. Siku kumi zinatosha kumaliza palizi ya ekari moja kama kaya ina mikono miwili mitatu, na ndiyo maana zinafaa.

Kwa maharage, kadiria gramu 60 kwa mtu kwa siku. Siku kumi za watu watano ni kilo 3. Ongeza mafuta lita moja na chumvi yenye madini joto. Mkipata usipa mkavu kutoka Kyela na Matema, wapeni kwanza wenye watoto wadogo. Kibakuli kimoja cha usipa uliotwangwa kwenye uji au mboga kinamsaidia mtoto wa mwaka mmoja kuliko debe la pili la mahindi.

Pimeni kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, kuingia na kutoka. Debe la mahindi makavu huwa na kilo 17 au 18 hivi, lakini debe la mtu na debe la mtu havifanani, lingine limebonyezwa, lingine linajazwa kilemba. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, msiipokee hata kama mmepewa bure, maana itavuruga daftari na itazoesha vijana wenu kitu ambacho mkulima anaumia nacho kila msimu.

Milango mitatu ya chakula

Mlango wa kwanza ni mchango wa mavuno. Uombwe Juni na Julai, mahindi yakiwa uani, mwenyewe anayatazama na moyo wake mkubwa. Ukimwendea Oktoba utakuta ameshauza. Omba kisado, debe kwa anayeweza, na mpe stakabadhi hapohapo yenye kilo. Kwenye mashamba makubwa omba ruhusa ya kuokota masazo baada ya mashine kupita.

Mlango wa pili ni kununua. Fedha za wahisani, za wafanyabiashara wa mjini na za watoto wetu walioko Dar es Salaam ziingie mapema ili mnunue Julai na Agosti. Shilingi ileile Januari inanunua kidogo. Nunueni kwa wakulima wadogo wa palepale, mkilipa papo kwa hapo, na mkikagua ukavu kabla ya kupima. Muulizeni pia afisa kilimo wa halmashauri kama kuna mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, yanayouzwa wakati wa upungufu. Wakala ana kanda Makambako, na akiba hiyo husaidia kama yenu imepelea.

Mlango wa tatu ni mazao mabichi, na huu una pilikapilika zake. Nyanya za Ilula zikifurika, tenga zima hukosa mnunuzi. Kabichi za Uporoto, ndizi za Rungwe, viazi mviringo vya Umalila vilivyo vidogo mno kwa mnunuzi wa chipsi, parachichi za Rungwe na Njombe zilizokatwa kwa sababu ya alama kwenye ganda, zile wanazoita rijekti: zote ni chakula kizima. Ongeeni na viongozi wa soko la Mwanjelwa, Sido, Uyole au Mlandege, mpatane siku mbili za wiki na saa moja kabla ya kufunga. Nendeni na matenga yenu na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, cha kukodi. Mchambuzi asimame palepale sokoni ili kilichooza kibaki kwenye jalala la soko, kisihamie kwenu. Viazi vilivyogeuka kijani kwa jua vina sumu, msivichukue. Karanga zenye ukungu hata chache, rudisha mfuko wote. Mazao mabichi hayalali ghalani: yanatoka sokoni kwenda jikoni, na jiko la shule au la kituo cha watoto ndilo linaloweza kuyapika yote siku hiyohiyo.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msipokee wala kugawa, hata yakiletwa na mtu mwenye nia njema. Tanzania ina kanuni zinazodhibiti vibadala vya maziwa ya mama, na kopo moja la bure linaweza kumwachisha mtoto titi kisha likaisha.

Ukavu, ukavu, ukavu

Nakaa hapa kwa muda kwa sababu ghala hufa hapa. Mahindi yenye unyevu hupata ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu (aflatoksini). Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haionekani kwa macho, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi kidogo mno. Benki ya chakula hulisha mtoto mwenye utapiamlo, mgonjwa na mzee, watu ambao miili yao haina nguvu ya kupambana nayo, na wao hawana unga mwingine wa kubadilisha.

Nafaka iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama mna kipima unyevu, vizuri. Kama hamna, tumieni chupa na chumvi. Chukua chupa ya glasi kavu kabisa yenye kifuniko. Anika chumvi ya kawaida juani hadi iwe nyepesi inayomwagika kama mchanga. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja hivi, kisha acha itulie dakika kumi na tano. Geuza chupa polepole kwenye mwanga. Chumvi ikinata kwenye kuta za glasi, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudi kwenye turubai. Chumvi ikidondoka yote na glasi ikabaki safi, mmeshuka chini ya 15, lakini chupa haiwaambii kama mmefika 13.5. Yaanikeni siku moja au mbili zaidi za jua kali kabla ya kufunga.

Chupa ichukue punje kutoka juu, katikati na chini ya gunia, kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia. Anayeleta gunia lenye mahindi makavu juu na mabichi chini si lazima awe mlaghai. Kipupwe cha Juni huku ni baridi yenye ukungu wa hewani, na gunia lililolala sakafuni hunyonya unyevu kutoka chini.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa sababu vimelea vya ukungu vinaishi kwenye udongo. Yapukuchuliwe kwa mashine au mikono. Kuyapiga kwa fimbo ndani ya gunia kunapasua punje, na punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu na fukusi. Kisha akina mama wakae na nyungo wachambue: punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, nyepesi, zilizotobolewa. Kuchambua peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa hujificha kwenye hizo punje mbovu. Zilizoondolewa zifukiwe. Zisiende kwa kuku wala ng'ombe, sumu huweza kupita hadi kwenye mayai na maziwa. Zisiende kwenye komoni, pombe ya kienyeji, pia.

Ghala lenyewe

Magunia 80 yanaingia kwenye chumba cha mita nne kwa tano mkibakiza njia. Paa lisivuje, sakafu iwe ya saruji, madirisha yawe na wavu. Panga magunia juu ya chaga za mbao, yakae mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita na tochi. Mbolea, mafuta ya taa na dawa za shamba zisiingie humo hata kwa usiku mmoja.

Kwa akiba ya miezi sita na zaidi, napendelea mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka tatu inayoitwa PICS. Wadudu hukosa hewa wakafa, fukusi na hata dumuzi, bila dawa yoyote. Kwa chakula kitakachokwenda kwa mgonjwa hilo ni jambo kubwa. Puliza mfuko wa ndani kama puto kwanza, uone kama una tundu. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota shingo, ikunje na uifunge kwa kamba. Rudia kwa mfuko wa pili, kisha gunia la nje. Mfuko uliofungwa usifunguliwe kwa kuchungulia. Panya akitoboa, kazi yote imepotea, kwa hiyo fagieni kila wiki na msiache punje sakafuni.

Maharage yatoke mapema. Yakikaa mwaka mzima huwa magumu, yanakula mkaa wa siku nzima, na mama mwenye shida huishia kuyauza. Kilichoingia kwanza kitoke kwanza, na kila gunia liandikwe tarehe kwa kalamu isiyofutika.

Jambo moja la daftari linalozua ugomvi bure: mahindi yakikauka zaidi yanapungua uzito. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 15 zikishuka hadi 13 zinabaki kama kilo 97.7. Waelezeni wanakamati mapema, la sivyo Desemba mtunza ghala ataitwa mwizi kwa kilo mbili zilizokwenda na jua. Upungufu wa kilo kumi kwenye gunia ni habari nyingine.

Nani apewe

Hapa ndipo undugu na siasa vinapoingia. Njia iliyozoeleka, kama ile ya kubaini kaya maskini za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ni kuupa mkutano wa kijiji nafasi ya kutaja. Mkutano unajua mengi. Tatizo ni kwamba mwenye shida kubwa mara nyingi hakuja mkutanoni, na aliyekuja ataona aibu. Changanyeni: mkutano upitishe vigezo, kisha watu watatu, mmoja wao mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wapite nyumba kwa nyumba. Muulizeni balozi wa nyumba kumi ni jiko lipi halitoi moshi jioni.

Vigezo visiwe vingi. Bibi anayelea wajukuu. Mama mwenye mtoto wa chini ya miaka miwili. Mzee asiye na wa kumletea. Aliye kwenye matibabu ya muda mrefu. Iringa, Njombe na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini, na dawa hazishuki vizuri kwenye tumbo tupu. Lakini ugonjwa wa mtu usiandikwe kwenye daftari la chakula. Kliniki impe kadi yenye namba, ghala lisome namba tu.

Mkipita nyumba mkakuta mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkanda wa kupima mzingo wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 11.5, huyo haendi ghalani, anakwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 naye aonwe na mtaalamu, na kaya yake iingie kwenye orodha.

Siku ya kugawa

Peleka magunia kwenye vituo vya vijijini Novemba, kabla kifuku, msimu wa mvua, hakijakolea. Barabara za Umalila, Kilolo na Makete zikishalowa, lori linabaki bondeni na bodaboda inabeba gunia moja kwa nauli ya kutisha.

Waiteni watu kwa makundi ya saa, ishirini ishirini, ili bibi asisimame asubuhi nzima kwenye mvua. Wekeni mabenchi. Kaya iliyo mbali iruhusiwe kumtuma mjukuu na kadi. "Shikamoo bibi, karibu ukae, tunakupimia sasa hivi" inasemwa kabla ya kuulizwa namba. Mizani ielekee kwa mpokeaji, asome mwenyewe, na asiyesoma asomewe kwa sauti ya chini. Asipigwe picha na mfuko wake. Mhisani anayetaka picha apewe ya ghala, ya mizani, ya leja.

Toeni nafaka nzima badala ya unga, lakini mkumbuke hela ya kusaga. Kaya isiyo na hela hiyo itaubeba mfuko hadi nyumbani na kuutazama. Ongeeni na mwenye mashine asage kwa kadi zenu, mlipe mwisho wa mwezi. Anayependa dona asagiwe dona, ina virutubisho zaidi ya sembe, ila asage kidogo kidogo maana huchacha upesi.

Wapo watakaokuja kuomba mkopo wa nafaka warudishe mavuno yakiingia. Ni ombi la haki, na linasaidia kuwatoa kwenye kausha damu. Liwekeeni magunia yake, daftari lake na wadhamini, debe kwa debe bila nyongeza. Vikichanganywa, aliyepewa bure na aliyekopa wataonekana mtu mmoja, na hakuna atakayerudisha.

Aprili na Mei

Mgawo wa mwisho ukiisha, kamati isimame mbele ya mkutano wa kijiji isome kilo: zilizoingia, zilizotoka, zilizoharibika na kwa nini, zilizobaki. Idadi ya kaya isomwe, majina hapana. Yaliyobaki yapimwe upya kwa chupa na chumvi na yachambuliwe. Yaliyo salama yapelekwe shule ya karibu yapikwe kande kabla mavuno mapya hayajaingia. Toeni chaga nje zikae juani, fagieni dari na nyufa, choma takataka, zibeni matundu ya panya kwa saruji, na mifuko yenye tundu ishuke daraja iwe ya kubebea kabichi. Kisha mizani ipelekwe ikahakikiwe, kwa sababu wa kwanza kuleta debe lake anaweza kufika wiki ya mwisho ya Mei.